Lumbesa! Namna ya kutengeneza na kuchezesha mchezo wa milinganyo kwa vizibo vya soda

Kesho ukiingia darasa la tano au la sita, kabla hujafundisha chochote, andika hivi ubaoni:

8 + 4 = □ + 5

Kila mwanafunzi ajaze kisanduku kwenye karatasi yake, bila kuangaliziana. Kusanya karatasi, nenda nazo ofisini, uzipange kwa marundo. Rundo la 7 ni la waliopata. Rundo la 12 ni la waliojumlisha 8 na 4 wakaishia hapo. Rundo la 17 ni la waliojumlisha kila namba waliyoiona.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, katika shule ninayofundisha upande huu wa Rungwe, rundo la 12 ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Wengi wao walikuwa watoto wenye madaftari safi, yaliyojaa alama za vema. Nilikaa na yale makaratasi mpaka nikaelewa: tangu darasa la kwanza watoto hawa wameiona alama ya = ikikaa mwisho, na mbele yake pana nafasi ya jibu. Kwao = ni amri, maana yake "haya, toa jibu". Kwamba ile alama ni mizani, na kilicho kushoto lazima kiwe na uzito uleule wa kilicho kulia, hakuna aliyewaonyesha, mimi nikiwemo.

Mwongozo huu ni wa mchezo ninaoutumia kurekebisha jambo hilo. Wachezaji wanapanga kete za namba na alama kwenye ubao wa miraba, zikipishana kwa mlalo na kwa wima, na kila mstari lazima uwe mlinganyo wa kweli. Wazo lenyewe si langu. Nchini Thailand wanafunzi hucheza mchezo wa aina hii uitwao A-Math, kwenye ubao wa miraba 15 kwa 15 na kete 100. Huu wangu nimeupunguza utoshee kipindi cha dakika 40, utoshee dawati, na utengenezwe bila kununua karibu chochote.

Hatua ya kwanza: kusanya vizibo

Seti moja inataka vizibo 80. Kreti ya soda ina chupa 24, kwa hiyo kreti tatu na chupa nane zinamaliza seti. Darasani kwangu wako 90 na dawati moja wanakaa watatu. Nikigeuza madawati mawili yatazamane napata kundi la watoto sita, yaani jozi tatu zinazoshindana. Hayo ni makundi 15, na vizibo 1,200. Kila mtoto akileta 14 tu, tumevuka.

Anza kukusanya mwezi mzima kabla. Na nenda mwenyewe kwa wenye maduka na mama ntilie uwaombe wasitupe. Mimi niliwaachia watoto kazi hiyo peke yao, na wiki haikuisha kabla mzazi mmoja, mzee wa kanisa, hajaja ofisini kuniuliza, "Madamu, mwanangu anaokota vizibo baa kwa kazi ya shule?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu siku hiyo natoa tangazo kwenye kikao cha wazazi kwanza, naeleza mchezo ni wa nini, na vizibo vya baa navichukua mimi.

Osha vizibo kwa maji ya moto na sabuni, vianike juani. Vile vilivyokunjwa na kifungulio, vinyooshe kwa kuvigonga polepole juu ya jiwe, na kingo kali zilale. Chunguza kimoja kimoja kwa kidole kabla hujampa mtoto.

Kama unafundisha Mafinga, Makambako au Njombe, ambako viwanda vya mbao haviko mbali, una bahati kuliko mimi. Mwombe fundi seremala mabaki ya ubao mwembamba, akukatie vipande vya sentimita 3 kwa 3, upige msasa. Kete za mbao hukaa miaka, na tatizo la kugeukageuka nitakalolieleza sasa hivi huwa dogo kwake.

Hatua ya pili: andika kete

Hapa ndipo nilipoharibu seti yangu ya kwanza nzima, kwa hiyo soma taratibu.

Kizibo ni cha duara. Hakina juu wala chini. Kizungushe kidogo, + inakuwa ×. Kizungushe robo, − inakuwa 1. Kigeuze, 6 inakuwa 9. Siku ya kwanza watoto wangu waligombana nusu saa juu ya mlinganyo mmoja, na pande zote mbili zilikuwa na haki: hawa walisoma 3 + 2, wale 3 × 2, kwenye kete zilezile.

Dawa yake ni hii. Kila kete, hata ile isiyo na utata, ichorewe mstari mfupi mwekundu chini ya namba au alama. Mstari mwekundu ukae upande wa mchezaji anayesoma. Andika 1 ikiwa na kofia na mguu. Na alama za matendo zipe rangi tofauti: + na − kwa wino wa bluu, × na ÷ kwa wino wa kijani. Mtoto akiona kijani anajua ni kuzidisha au kugawanya, hata kizibo kikizunguka namna gani.

Usibandike karatasi kwa gundi ya uji. Kwenye unyevunyevu wa huku inabanduka wiki ya pili, na panya wanaipenda. Paka ndani ya kizibo rangi ya mafuta nyeupe, kopo dogo linatosha seti zote, iache ikauke siku mbili, kisha andika kwa maka peni isiyofutika.

Idadi ya kila kete:

0 – kete 3
1 – kete 6
2 – kete 6
3 – kete 5
4 – kete 5
5 – kete 5
6 – kete 5
7 – kete 3
8 – kete 4
9 – kete 4
+ – kete 7
− – kete 6
× – kete 5
÷ – kete 4
= – kete 12

Jumla 80. Idadi hizi zina sababu zake. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni miaka ya 1930 mchezo wa maneno tunaouita leo Scrabble, alipanga wingi wa kila herufi kwa kuhesabu herufi zilizo gazetini. Nami nilichukua madaftari ya watoto nikaangalia tarakimu zipi zinawasaidia na zipi zinawakwamisha. Saba ni ngumu kuitumia, maana haigawanyiki kwa chochote zaidi ya moja na yenyewe, na mtoto mwenye saba tatu mkononi hukata tamaa. Sifuri zikiwa nyingi, mchezo unageuka wa ujanja: kila mtu anajumlisha 0 anachukua pointi.

Hatua ya tatu: ubao na vifuko

Chukua boksi gumu, kata kipande cha sentimita 45 kwa 45. Chora miraba 11 kwa 11, kila mraba sentimita 3 na nusu. Kizibo kinakaa humo vizuri. Mraba wa katikati, ambao ni wa sita ukihesabu kutoka pembe yoyote, utie nyota. Kwenye boksi chora kwa maka peni kwa sababu penseli hufutika haraka.

Shona kifuko cha kitambaa kwa kila seti. Kata pia kipande kidogo cha boksi, ukikunje katikati kisimame kama paa, kila jozi iwe na chake cha kufichia kete.

Hatua ya nne: sheria

Zisome hizi na mwalimu mwenzako, mcheze ninyi wawili jioni moja kabla ya kuzipeleka darasani. Mwalimu ambaye hajawahi kukwama na kete nane mbaya mkononi hawezi kumsaidia mtoto aliyekwama.

Kete za = haziingii kwenye kifuko. Zinakaa wazi katikati, yeyote anachukua anapohitaji. Kete 68 zilizobaki zinaingia kifukoni, na kila jozi inachomoa 8 bila kuchungulia. Kwa wastani mbili au tatu kati ya hizo zitakuwa alama za matendo.

Jozi ya kwanza inapanga mlinganyo unaopita kwenye nyota. Kila mlinganyo uwe na tendo moja angalau; 4 = 4 haihesabiki. Tarakimu zikikaa bega kwa bega zinasomwa pamoja, hivyo 2 na 4 ni ishirini na nne. Namba haianzi na sifuri.

Jozi inayofuata inapanga mlinganyo unaopitia kete moja au zaidi zilizopo ubaoni, au inaurefusha uliopo. Mlinganyo unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, au kutoka juu kwenda chini. Kete zozote zinazogusana kwa mlalo au kwa wima zitasomwa, kwa hiyo zisipounda mlinganyo wa kweli, usizigusanishe.

Ukishapanga, chomoa kete nyingine mpaka zirudi 8. Ukishindwa kabisa, rudisha kete uzitakazo kifukoni, chomoa nyingine, na zamu yako imepita.

Pointi: kila tarakimu 1, + na − ni 2, × ni 3, ÷ ni 5, = haina kitu. Hesabu kete zote za mlinganyo uliouunda, hata zile zilizokuwapo. Jozi iliyotumia kete zake zote nane kwa zamu moja inaongezewa 10.

Tuone mfano. Jozi ya kwanza imepanga kwa mlalo, alama ya = ikikaa juu ya nyota:

2 + 6 = 8

Tarakimu tatu na + moja, pointi 5. Jozi ya pili inaichukua ile 2, inashuka kwa wima: 2 × 7 = 14. Wametoa mkononi ×, 7, 1 na 4 tu. Pointi 7. Jozi ya tatu inafanya jambo ambalo bado linanifurahisha kila nikiliona: inapita kwenye alama ya = yenyewe. Juu yake wanapanga 9, −, 4, chini yake wanaweka 5. Mizani moja imebeba milinganyo miwili, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima.

Sasa jozi ya kwanza imerudi kwenye zamu, nayo ina 4, ×, + na 6. Inaurefusha mlinganyo wake wa mwanzo kwa pande zote mbili:

4 × 2 + 6 = 8 + 6

Kumi na nne kushoto, kumi na nne kulia. Pointi 12. Mtoto aliyezoea kuiona = kama amri ya kutoa jibu hawezi kufika hapa, maana hapa hakuna jibu. Kuna pande mbili tu.

Hatua ya tano: neno la kupinga

Huku kwetu kila mtoto amewahi kuona gunia la viazi lililoshonewa kilemba, lile ambalo mkulima wa Isyonje anauza kama gunia moja na mnunuzi anaondoka na zaidi. Wanaliita lumbesa, na wanajua ni dhuluma kwa sababu wengi wamewaona wazazi wao wakidhulumiwa hivyo. Nililichukua neno hilo. Mlinganyo ambao upande mmoja umezidi mwingine ni lumbesa.

Jozi ikipanga mlinganyo na wengine wakauona si wa kweli, wanasema "Lumbesa!" Lakini anayepinga hapingi hivihivi. Lazima aseme upande wa kushoto una ngapi na wa kulia una ngapi: "Lumbesa! Kushoto kumi na tatu, kulia kumi na tano." Wote sita wanapiga hesabu kwenye madaftari. Ikiwa kweli ni lumbesa, kete zinarudi mkononi na zamu imepotea. Ikiwa mpingaji amekosea, mchezo unaendelea.

Simnyang'anyi pointi mpingaji aliyekosea. Nilijaribu mwanzoni, na matokeo yalikuwa kwamba watoto wapole, hasa wasichana wanaokaa nyuma, walinyamaza kabisa. Walikuwa wanaona kosa na kulimeza. Nilipoiondoa adhabu hiyo sauti zao zilianza kusikika, na wengi wao walikuwa sahihi.

Hatua ya sita: kipindi cha kwanza

Usiwagawie vifuko siku ya kwanza. Chora miraba ubaoni, kisha andika kete hizi nane:

1, 2, 4, 5, 5, +, −, ×

Waambie kila jozi itafute mlinganyo wenye pointi nyingi. Baada ya dakika tatu nne utaanza kupata 5 − 4 = 1 na 1 + 4 = 5, pointi 5 kila mmoja. Pokea, andika, uliza, "Nani ana zaidi?" Atatokea mwenye 5 × 5 − 4 = 21, pointi 10. Mwingine atasema 5 × 5 = 24 + 1. Huyu wa pili msimamishe, darasa zima limtazame, kwa sababu ameweka tendo upande wa kulia wa =. Wapo watakaonong'ona kwamba hairuhusiwi. Usiwajibu wewe. Waulize kushoto kuna ngapi, kulia kuna ngapi.

Wakishakubali kwamba inaruhusiwa, waambie ipo njia ya kuzitumia zote nane. Waache wahangaike. Kengele ikilia hawajapata, iwe kazi ya nyumbani. (Ni 5 × 2 − 4 = 5 + 1, pointi 12 na nyongeza ya 10.)

Kipindi cha pili ndipo ugawe seti. Dakika tano za kupanga madawati na kuchomoa kete, dakika 25 za kucheza, dakika 10 za daftari. Daftarini kila mtoto ananakili milinganyo mitatu kutoka ubao wao wa mchezo na kuonyesha njia kwa kila upande. Bila hizo dakika 10, mkuu wa shule ataona mchezo tu, na atakuwa na haki ya kuuliza kipindi kimeenda wapi.

Ndani ya jozi nina sheria moja ninayoisimamia kwa ukali: mwenye mkono hana mdomo. Anayeweka kete hasemi. Mwenzake ndiye anayesoma mlinganyo kwa sauti na kutaja uzito wa pande zote mbili. Zamu inayofuata wanabadilishana. Usipofanya hivyo, yule mwepesi atacheza peke yake na mwenzake atabaki kumshikia kete.

Wewe pita na kikaratasi. Usiwe mwamuzi. Ukiona kosa, liandike, endelea kutembea. Makosa matatu ya leo ndiyo utakayofungulia nayo kipindi cha kesho.

MAGAZIJUTO itakuletea ugomvi, na ni ugomvi mzuri

Jozi moja ilipanga hivi:

9 − 3 + 2 = 4

Wapinzani wakapiga kelele: "Lumbesa! Kushoto nane, kulia nne." Waliopanga wakasimama imara. "Madamu, MAGAZIJUTO! JU inatangulia TO. Tatu na mbili ni tano, tisa toa tano ni nne."

Walikuwa wamefuata kile walichofundishwa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hilo linasaidia sana, silikatai, lakini likisomwa kama ngazi yenye vidato vitano linapotosha. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa rika moja, na anayetangulia ni yule aliye kushoto. Niliwaambia: una shilingi 9,000, umelipa 3,000 za viazi, mama akakurudishia 2,000 kwa sababu debe halikujaa. Una ngapi mfukoni? Elfu nane, wakasema wote, hata wale waliopanga. Hakuna aliyesema elfu nne.

Kugawanya na kuzidisha nako ni vivyo hivyo, ingawa kosa lake limejificha zaidi. Chukua 3 × 4 ÷ 6. Anayeshikilia kwamba GA lazima itangulie ataanza na 4 ÷ 6, ataona haigawanyiki, ataiacha kete ya pointi 5 mkononi. Anayeanza kushoto anapata 12, anagawanya kwa 6, anapata 2. Mchezo huu umenifundisha kuandika ubaoni MA – GA/ZI – JU/TO, vikiwa vidato vitatu, na kwenye kidato chenye wawili tunaanza kushoto. Usisubiri mtihani wa darasa la saba ukuonyeshe kwamba watoto wako hawalijui hilo. Tengeneza kete, utaliona wiki ya kwanza.

Kupandisha na kushusha ugumu

Kwa darasa la tatu ondoa × na ÷ kabisa, na wape kete sita badala ya nane. Wiki chache baadaye rudisha ×.

Darasa la sita na la saba waongezee kete za mabano, jozi nne, zikae wazi pamoja na za =. Ghafla 2 × ( 3 + 4 ) = 14 inawezekana, na watoto wataanza kuona mabano ni kitu cha kuwasaidia, maana bila hayo ile ile ni 10. Unaweza pia kuandika kete chache za ½ na ¼. Hapo utaona nani anaelewa kwamba ¼ + ¼ ni ½ na nani anakariri.

Kidato cha kwanza waruhusu − ikae mbele ya namba, mfano −3 + 5 = 2. Wakishazoea, ongeza kete mbili za herufi. Usitumie x, itachanganyikana na alama ya kuzidisha kama nilivyoeleza, tumia n. Jozi ikipanga 3 × n + 2 = 14, lazima wataje n ni ngapi na waeleze wameipataje. Walimu wa sekondari hulalamika kwamba watoto wanafika kwao hawajui kuhamisha namba kutoka upande mmoja wa mlinganyo kwenda mwingine. Mtoto aliyecheza mwaka mmoja na mizani hii hahamishi kitu. Anaondoa mbili huku na kule, anabaki na 3 × n = 12.

Mvua, kelele, na vizibo vinavyopotea

Huku Rungwe mvua ikikolea juu ya bati, sauti ya mwalimu haifiki dawati la pili. Vipindi vingi vya Hisabati vilinipotea hivyo kati ya Novemba na Mei. Siku hizi wingu likishuka tu, viongozi wa makundi wanaleta seti bila kuambiwa. Mchezo hauhitaji sauti yangu, na watoto wakiinamiana juu ya ubao wanasikizana. Kwa siku za mvua "Lumbesa" inasemwa kwa mkono: kiganja juu, kisha unaandika uzito wa pande mbili kwenye daftari na kuuonyesha.

Siku isiyo na mvua kelele zitakuwepo. Waarifu walimu wa madarasa ya jirani mapema. Mimi nimeweka mchezo mara moja kwa wiki, kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko, ili kelele zisimkatize mtu.

Kila seti iwe na mlinzi wake kutoka ndani ya kundi, na haondoki mtu mpaka ahesabu 80. Kizibo kikipotea, kundi linatengeneza kingine kabla ya wiki inayofuata. Weka akiba ya vizibo vilivyopakwa rangi nyeupe tayari.

Baada ya wiki nane

Zile karatasi za siku ya kwanza usizitupe. Wiki ya nane andika ubaoni swali jipya la aina ileile:

9 + 6 = □ + 7

na chini yake:

3 × 4 = □ − 2

Panga marundo tena, uyaweke kando ya yale ya zamani. Majibu unayotafuta ni 8 na 14.

Watakuwepo wachache watakaoandika 15 kwenye lile la kwanza. Hao usiwarudishe kwenye ubao wa miraba. Kaa nao nje saa ya mapumziko. Chukua makopo mawili yaliyo sawa, yafunge kwenye ncha mbili za kijiti, ukining'inize kijiti kwa uzi katikati mpaka kilale. Tia vizibo 9, kisha 6, kwenye kopo la kushoto. Tia 7 kwenye la kulia. Kijiti kitaanguka upande wa kushoto. Mpe mtoto vizibo vilivyobaki, aongeze kulia kimoja kimoja mpaka kijiti kilale tena, kisha mwulize ameongeza vingapi.